Hema Jepesi la Orrin Bakke

Ardis Bakke alimpa mumewe, Orrin, masharti mawili, akayatamka huku anakaanga mayai kana kwamba anasoma hali ya hewa. Hema jipya la kuvulia samaki kwenye ziwa lililoganda lisizidi dola mia mbili. Na Orrin alivute mwenyewe juu ya barafu, alisimamishe mwenyewe, alikunje mwenyewe, yeye Ardis akiwa ndani ya gari anamtazama. Akishindwa, baridi yote iliyobaki wataimalizia Arizona kwa Bernadine.

Bernadine ni dada yake Ardis. Anaishi kwenye mtaa wa wastaafu, huko jangwani kwenye joto ambako watu hupaka changarawe rangi ya kijani kisha wakaiita bustani, na mumewe, Lyle, ana figo mbovu anazozisimulia tangu chai ya asubuhi mpaka wageni waombe ruhusa ya kwenda kulala. Mwaka juzi Orrin alikaa nao siku nne. Siku ya tatu walimkuta amesimama mbele ya friji iliyo wazi, ameshika tama, anaangalia vipande vya barafu.

"Ni wiki kumi tu," Ardis alisema.

"Wiki kumi," Orrin akajibu, akaisukuma sahani ya mayai kando.

Tatizo lilikuwa bega. Lilipasuliwa mwezi wa tisa, na daktari akasema mpaka theluji iyeyuke asivute kitu kinachozidi ratili arobaini. Kabla ya hapo Orrin hakuwahi kujali uzito wa kitu chochote. Miaka arobaini na zaidi alivua samaki ndani ya kibanda cha mbao alichokijenga na rafiki yake Milo, kibanda kizito kama zizi, kilichoburutwa kwa lori na kunyanyuliwa kwa magongo kila Jumamosi kisije kikagandia barafuni. Milo amechukuliwa na binti yake kwenda kukaa Iowa, na kibanda kimepasuliwa kuni. Orrin kabaki na keekee ya kutobolea barafu, ndoo mbili, na bega moja zima.

Akaenda dukani. Muuzaji alikuwa na ndevu za mvuvi na mikono laini ya mtu asiyegusa samaki.

"Karibu, mzee. Unatafuta nyumba?"

"Natafuta hema."

"Siku hizi tunaziita nyumba." Akamshika mkono kama anayempeleka kuona kiwanja. "Hii hapa, ratili thelathini na nane tu. Unainyanyua kwa kidole."

"Pamoja na nguzo?"

"Nguzo zinauzwa kando."

"Na sleji ya kuiburutia juu ya theluji?"

"Sleji kando."

"Viti?"

"Viti unachagua mwenyewe, viko vya rangi tatu."

"Sasa hizo ratili thelathini na nane ni za nini?"

Muuzaji akaligeuza boksi, akasoma maandishi ya chini, akaligeuza tena. "Za hema," akasema, "likiwa limepumzika."

Palikuwa na jingine la dola mia tisa, lenye mifuko ya vikombe na kuta nene za kuzuia joto lisitoke. Muuzaji aliapa kwamba humo ndani mtu anavua samaki amevaa fulana tu. Orrin akamwambia kama alitaka kukaa na fulana mwezi wa kwanza angekwenda Arizona, na kwenda Arizona ndiko hasa anakokukimbia. Akatoka mikono mitupu, roho imemshuka.

Jumapili, baada ya ibada, watu waliteremka kwenye chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa, na ndipo Gaylen Rask alipomkaribia. Gaylen ni jirani yake, aliyetajirika kwa kuuza matrekta, na sasa anamiliki jumba la kuvulia samaki lenye magurudumu, vitanda viwili, choo na televisheni kubwa kuliko dirisha la altare. Misimu miwili hajatoa samaki hata mmoja, kwa sababu kila samaki akivuta mshipi, mpira unakuwa umefika patamu.

"Nasikia unatafuta hema jepesi," Gaylen alisema. "Lile langu la zamani liko gereji. Ratili ishirini na sita, na nguzo zake, na sleji yake, na kila kitu. Lichukue."

Moyo wa Orrin uliruka. Ratili ishirini na sita! Bure! Angekuwa mtu wa mahali pengine popote duniani angesema asante, wakaenda kulibeba. Lakini Orrin alizaliwa kando ya Ziwa Halvor, na watu wa Ziwa Halvor wana adabu zao, Mungu awasaidie. Mtu akikupa kitu mara ya kwanza unakataa. Akikupa mara ya pili unakataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unakuna shingo na kusema basi, kama haikusumbui. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekubali mara ya pili hakulelewa vizuri. Mtoto wa hapa anayajua haya kabla hajajua kufunga zipu ya koti.

"Aah, hapana, usijisumbue," Orrin alisema.

"Limekaa bure tu, Orrin. Panya ndio wanalifaidi."

"Hapana, bwana. Huwezi kujua, utalihitaji siku moja."

Ilibaki mara moja tu. Gaylen akafungua mdomo. Orrin akainua mkono tayari kukuna shingo. Na hapo hapo mke wa mchungaji akajipenyeza katikati yao na sinia lenye kipande kimoja cha keki, kile cha mwisho, ambacho huku kwetu hakuna mwanadamu anayekubali kukila kizima. Gaylen akakata nusu. Orrin akakata nusu ya nusu. Mama mchungaji mwenyewe akalazimika kumega robo ili kuwaondolea aibu. Walipomaliza kukatana keki, kwenye sinia imebaki punje isiyoenea hata kwenye jino, na Gaylen alikuwa ameshaanza kusimulia habari za betri ya gari lake.

Orrin alirudi nyumbani na ofa mbili mfukoni, na ofa mbili hazinunui kitu.

Zikaanza siku kumi na moja za mateso. Haikuwezekana kuuliza, maana kuuliza ni kuomba, na mtu wa Ziwa Halvor anaweza kuzama hadi kidevuni bila kuomba kamba. Ilibidi Gaylen aseme mwenyewe, kwa hiari yake, ila asukumwe kidogo. Jumatatu Orrin alitoka na mashine yake akaondoa theluji yote kwenye njia ya gari ya Gaylen. Jumanne akaamka akakuta Gaylen ameondoa ya kwake, mpaka kwenye mlango wa banda la kuku ambalo halina kuku. Jumatano Ardis, asiyejua lolote, akapeleka biskuti za shukrani kwa theluji hiyo. Alhamisi likaja bakuli la viazi na nyama kutoka kwa Gaylen, kushukuru biskuti. Kufika Jumamosi nyumba zote mbili zimenenepa na hakuna aliyetamka neno hema.

Jumapili ya pili, katika chumba kile kile cha chini, Orrin akasimama mbele ya Gaylen, akajishika bega na kukunja uso.

"Bega vipi?" Gaylen akauliza.

Mlango ndio huo, umefunguliwa wazi. Alichotakiwa kusema ni kwamba linauma, kwamba hawezi kuvuta kitu kizito. Lakini mdomo wa Orrin ulikuwa na mazoea yake ya miaka sabini.

"Si baya sana," mdomo ukasema.

"Afadhali," Gaylen akasema, akaenda kuongeza kahawa.

Usiku huo usingizi ulimgomea. Alimchukia Gaylen kwa dhati. Mtu gani huyu asiyejua kuhesabu mpaka tatu?

Siku ya kumi na moja ikaja habari, na ilikuja mkahawani, mbele za watu. Renata Bruno, mwalimu mpya wa hesabu aliyehamia kutoka New Jersey, alikuwa amekwenda kwa Gaylen kununua tairi kuukuu. Gaylen, kwa adabu tu, akamwambia kuna hema pale, kama anapenda kujaribu uvuvi.

"Akasema nini?" mtu alimuuliza mleta habari.

"Akasema, 'Nalitaka. Liko wapi?'"

Mpishi alitokeza kichwa kutoka jikoni.

"Hakukataa hata mara moja?"

"Hata mara moja! Dakika kumi, hema liko kwenye gari, na ameshapiga honi ya kuaga."

Gaylen mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, amekodolea kikombe chake kama mtu aliyeibiwa akiwa ameshika funguo. Alimtazama Orrin, Orrin akamtazama, na wote wawili walijua kila kitu. "Inatokea," Gaylen akasema. "Inatokea," Orrin akaitikia. Hakuna ugomvi mkubwa zaidi ya huo uliowahi kuonekana katika mkahawa ule.

Ardis alikuwa ameshapanga siku ya mtihani, Jumamosi, na Bernadine ameshatandika kitanda cha wageni. Orrin akarudi dukani, akanunua hema la bei nafuu kuliko yote, ambalo muuzaji hakumwonyesha siku ile, dola mia moja ishirini na tisa, lililoviringishwa kwenye boksi lenye picha ya mwanamume anayecheka bila sababu. Akaliweka kwenye mizani ya bafuni. Ratili ishirini na nne na nusu, pamoja na nguzo, skrubu na mfuko. Akalipima tena, hakuamini. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili alipiga mluzi.

Jumamosi saa nne asubuhi waliingia na gari juu ya barafu nene ya ziwa, wakapita kijiji cha mabanda na majumba ya magurudumu, wakasimama mahali peupe. Ardis akabaki ndani, injini inanguruma, chupa ya kahawa mapajani, na sindano zake za kufuma. Orrin akapakia hema kwenye sleji ndogo aliyoinunua pamoja nalo, akafunga kamba kiunoni, akavuta. Lo! Lilikuja lenyewe. Alitembea hatua mia mbili bila bega kumkumbusha chochote. Akageuka akampungia mkewe mkono, na mkewe akapunga sindano.

Jambo ambalo boksi halikusema ni kwamba kitu chepesi kwa mvuvi ni chepesi pia kwa upepo. Hema lilikuwa la kusukumwa kutoka ndani, ukuta mmoja baada ya mwingine, kila ukuta ukitoa mlio na kutuna. Ukuta wa kwanza ukatuna. Wa pili ukatuna. Orrin akatoka nje kwa furaha akapiga magoti kukaza skrubu kwenye barafu, mkono mmoja umeshika hema, mwingine unazungusha, na mkono wa kushika ulikuwa wa lile bega. Upepo wa kaskazini-magharibi ukaja mara moja tu. Hema likajaza tumbo, likanyanyuka, likamburuta Orrin kifudifudi kwa hatua tano hivi, likamwacha, likaenda zake.

Lilibiringika vizuri sana, ni lazima kusema kweli. Lilipita katikati ya mabanda bila kugusa hata moja. Wanaume watatu wakatoka nje na vikombe vyao. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kumcheka mtu usoni ni utovu wa adabu. Watamcheka kesho, kila mmoja nyumbani kwake.

"Upepo kidogo leo," mmoja alisema, akimfikia Orrin pale alipokuwa anajipukuta theluji.

"Kidogo, ndiyo."

"Lile ni lako?" Hema lilikuwa limefika usawa wa ghuba.

"Nadhani ni langu."

"Nina pikipiki ya theluji hapa, inawaka. Nikakukamatie?"

"Aah, hapana, usijisumbue."

"Dakika mbili tu, Orrin."

"Hapana, hapana. Litasimama lenyewe."

Wakalitazama pamoja. Kabla yule mtu hajapata nafasi ya kusema mara ya tatu, hema lilikuwa limeongeza mwendo, likavuka barabara ya barafu, likajibamiza kwenye ubavu wa jumba la Gaylen na kunasa chini ya magurudumu. Gaylen akachungulia dirishani. Akaona ni nini, akaona ni la nani, akafunga pazia kwa heshima.

Orrin akatembea mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Kidevuni ana mchubuko. Ardis akammiminia kahawa. Kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kuingia ukungu, na hakuna aliyewasha feni.

"Wiki kumi," Orrin alisema hatimaye. "Lyle atakuwa na jipya la kusimulia."

Ardis alifuma mstari mzima, akageuza, akafuma nusu nyingine. Kisha akaziweka sindano mapajani.

"Mwaka wa themanini na moja," akasema, "baridi yetu ya kwanza katika nyumba ile. Uliniuliza kama nataka kuja nawe huku ziwani."

Orrin alijaribu kukumbuka.

"Nikasema hapana, nitawasumbua. Ukasema njoo tu, jiko linawaka. Nikasema hapana, nina nguo za kufua."

"Halafu?"

"Halafu ukafunga kamba za viatu, ukaondoka."

Injini ilinguruma. Kule mbali mtu alikuwa anatoboa barafu, na mlio wa keekee ulifika kwao kama wa nyuki kwenye chupa. Orrin alikumbuka sasa. Hakukumbuka nguo wala jiko. Alikumbuka viatu, na Milo akipiga honi nje, na jinsi yeye alivyofurahi kwamba mke amekataa. Alijua hesabu vizuri kama mtu yeyote wa Ziwa Halvor. Aliharakisha kufunga zile kamba ili asifike kwenye tatu.

Alikuwa amengoja siku kumi na moja tu, na kwa siku hizo kumi na moja alimchukia jirani yake mpaka usingizi ukamkimbia. Mama huyu alikuwa amengoja miaka arobaini na kitu, kila Jumamosi akimfungia mikate na kumjazia kahawa, akimwangalia anatoka. Aibu ilimpanda mwilini mwote, ikamfika masikioni.

"Kwa nini hukusema, Ardis?"

Ardis alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakwenda kanisani bila nguo.

"Ningesemaje?" akasema. "Ilikuwa zamu yako."

Orrin akaweka kikombe chini. Akakohoa. Kwa aliyekulia kwingine ni jambo la sekunde mbili; yeye lilimchukua muda, na lilimtoka kama jino.

"Twende tukavue," akasema. "Wewe na mimi. Nataka uje."

Ardis akaangalia dirishani, akaangalia glavu zake. "Basi," akasema, "kama haikusumbui."

Akatoka garini wa kwanza. Walilichomoa hema chini ya jumba la Gaylen, naye Gaylen kwa adabu akaongeza sauti ya televisheni. Wakalirudisha mahali peupe, Orrin akilishika kwa uzito wake wote, Ardis akizunguka na kukaza skrubu moja baada ya nyingine kwa nguvu ambazo mumewe hakujua kama anazo. Lilichukua dakika sita. Halikutikisika tena.

Ndani mlikuwa na mwanga wa bluu na baridi tulivu. Orrin alitoboa mashimo mawili kwa mkono wake mzima, akamtilia Ardis kidagaa kwenye ndoano, akamwonyesha namna ya kuteremsha mshipi. Wakakaa kwenye zile ndoo mbili, magoti yanagusana, wanatazama mashimo. Ikapita robo saa. Ikapita nusu saa. Hakuna samaki aliyejisumbua.

"Mlikuwa mnafanya nini humu, wewe na Milo?" Ardis akauliza.

"Hivi hivi."

"Hivi hivi tu?"

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, mama."

Ardis alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Maji kwenye shimo lake yalianza kuganda utando mwembamba, akauvunja kwa kidole cha glavu, vizuri kabisa, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Orrin hakuthubutu kumtazama usoni. Alikuwa na hakika anafikiria Arizona, na kwamba ana haki ya kuifikiria.

"Kesho tukitoka ibadani tunakuja moja kwa moja," Ardis akasema. "Nitampigia Bernadine nikifika nyumbani. Sogea, umenibana."